Karani wa Mbinga anayesubiri Dar isikie njaa

Ni saa sita kasorobo mchana, na mjini Mbinga ukungu ndio kwanza unaachana na mabati. Ndani ya duka la intaneti la Twaha Saidi, hatua chache kutoka sokoni, Asteria Kapinga amekaa mbele ya kompyuta ya pembeni, kitenge kimefungwa juu ya sweta, kidole kimeelea juu ya kitufe. Barua ameshaiandika na ameirudia kuisoma. Lakini haitumi.

Nyuma yake amesimama mnunuzi wa kahawa anayesubiri zamu yake aangalie bei za Ulaya. Anakohoa kikohozi cha kukumbushia.

“Bado,” anasema Asteria bila kugeuka. “Bado wana chai tumboni.”

Wenye chai tumboni ni wanachama wa Chama cha Boti ya Wagonjwa Ngumbo. Ni wazaliwa wa mwambao wa Ziwa Nyasa, watu wapatao sitini, ambao wengi wao wamo maofisini Dar es Salaam na wachache wako Dodoma na Mbeya. Michango yao ndiyo inayotia mafuta kwenye boti inayowapeleka wajawazito na wagonjwa hospitali, katika mwambao ambao barabara yake masika huwa hadithi tu.

Hatimaye kidole kinashuka. Barua inakwenda. Mnunuzi wa kahawa anapata kiti, na Asteria anatoka kuota jua mlangoni kama mtu aliyemaliza kupalilia shamba zima.

Asteria, mwenye umri wa miaka 43, ndiye karani pekee wa chama hicho. Kwa posho ya shilingi elfu thelathini kwa mwezi anachapa, anapokea wageni, anafagia na kufunga mlango. Ukimuuliza kazi yake hasa ni ipi, hataji hata moja kati ya hizo.

“Kuandika kila mtu anaandika,” anasema. “Kazi ni kujua lini. Hata mume wako, ukitaka akupe hela ya chumvi, kuna saa yake.”

Alizaliwa Namswea, mtoto wa mkulima wa kahawa, akakua akipanda na kushuka miteremko ya ngoro, yale mashamba ya vishimo vya milimani. Baba yake aliuza magunia mawili ya kahawa ili ampeleke Songea akajifunze kupiga chapa. Huko alipata cheti, na akapata rafiki: Dorothy, msichana wa Ngumbo aliyekuwa akipokea usipa wakavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, kutoka nyumbani na kuwagawa bweni zima. Dorothy alikwenda Dar es Salaam kuwa katibu muhtasi. Asteria alirudi Mbinga kuwa karani wa chama cha ushirika.

Alikaa ushirika miaka kumi na miwili. Kisha soko huria likapanda mlima. Wanunuzi binafsi walifika na magari yao, mizani yao na fedha mkononi, na wakulima wakawafuata. Ghala la ushirika likabaki na wafanyakazi na popo. Baadaye wafanyakazi wakapunguzwa, wakabaki popo.

Kwa kuwa fedha za kiinua mgongo hazikutosha, Asteria alifidiwa kwa mashine ya kupigia chapa isiyo na herufi R. Katika Mkoa wa Ruvuma huo si upungufu mdogo. Alikuwa akichapa kurasa nzima, halafu anachukua kalamu na kuzunguka akipanda R moja moja, kama mtu anayepandikiza miche.

Mashine hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye Chama cha Boti. Mwenyekiti wake, Mwalimu Hamphrey Chawala, mkuu wa shule mstaafu wa Ngumbo, alikuwa akitafuta mtu wa kukaa mjini Mbinga, maana Ngumbo hakukuwa na simu wala umeme. Alisoma barua ya maombi ya Asteria yenye R za wino, akasema mtu mwenye subira ya namna hiyo anawafaa.

Alihitaji subira kweli. Injini ya boti ilikuwa imekufa mwaka 2002, na boti yenyewe ilikuwa imepinduliwa ufukweni, mbuzi wakijikinga mvua chini yake. Mgonjwa alipelekwa kwa mtumbwi wa kasia, nusu siku nzima, ikiwa ziwa limekubali.

Barua za posta kwa wanachama zilikuwa zikichukua wiki na wiki. Kwa hiyo Twaha alipofungua duka lake na kuweka kompyuta tatu na jenereta moja, Mwalimu Hamphrey aliamua chama kiingie kwenye mambo ya kisasa. Aliandika barua mwenyewe, kwa mkono. Ilikuwa na kurasa tatu, na neno “injini” lilijitokeza katikati ya ukurasa wa tatu, baada ya salamu, historia ya mwambao na nasaha kwa vijana.

Asteria aliichapa yote na kuituma Jumatatu asubuhi, mtu akiwa na nguvu za kuanza wiki. Kimya. Wiki iliyofuata aliituma tena. Kimya. Akaituma mara ya tatu, akiwa ameanza, anakiri, kuwachukia watu asiowajua kwa sura.

Siku moja simu ya dukani ikalia. Alikuwa Dorothy, akipiga kutoka Dar. Alisema alikuwa akisafisha barua za zamani kwenye kompyuta yake na huko chini kabisa, mahali ambapo hakuna anayefika, amezikuta barua tatu za Ngumbo zenye tarehe ya mwaka 1998.

Twaha alikagua mashine yake na kugundua kwamba betri ndogo ya ndani imekufa. Kila jenereta lilipozimwa, kompyuta ilirudi 1998 na kukaa huko.

“Chama kimeandikishwa mwaka 2000,” anasema Twaha, bado anaona haya. “Kwa hiyo barua zilikuwa zinafika chama hakijazaliwa.”

Alinunua betri mpya kwa fedha yake. Sasa barua zilifika mwaka unaotakiwa, likabaki swali la siku na saa. Asteria alipiga hesabu aliyoiona haina kosa: mwombe mtu siku ya mshahara. Akasubiri mwisho wa mwezi, akatuma.

Safari hii majibu yalikuja siku hiyohiyo. La kwanza lilifika kabla hajanyanyuka kitini. Lilikuwa la Kiingereza, na Twaha akamtafsiria: bwana mmoja anaitwa Jastin anasema yuko nje ya ofisi hadi Jumatatu. Asteria, aliyelelewa kujibu salamu, alimwandikia kumpa pole ya safari. Palepale bwana Jastin akajibu kwamba yuko nje ya ofisi hadi Jumatatu. Asteria akamhakikishia kwamba ameelewa, wala asijisumbue, amsalimie mama watoto. Bwana Jastin akasema yuko nje ya ofisi hadi Jumatatu.

“Nikaona huyu ana jambo linamsumbua,” anakumbuka. “Ilibidi Twaha anieleze kwamba ni mashine inayojibu. Nilikuwa nimeshamuuliza kama ni kifo.”

Majibu mengine yalitoka kwa watu kweli, na yalikuwa mabaya zaidi. Mwisho wa mwezi, kumbe, ndipo kila mtu anapoombwa na kila mtu: harusi, kipaimara, ada, kodi ya nyumba. Wanachama watatu walijibu ombi la injini kwa kuambatanisha kadi za michango ya harusi. Mwalimu Hamphrey, ambaye hajui kupokea kadi na kunyamaza, aliagiza chama kichange. Debe tatu za unga wa muhogo zikapanda lori kwenda Dar.

“Tulikwenda kuomba,” anasema Asteria, “tukarudi tumechangishwa.”

Hayo yangeendelea kuwa ya kuchekesha kama mwezi Aprili wa mwaka 2003 usingefika. Emerensiana, mke wa mvuvi aitwaye Methodi, alishikwa na uchungu asubuhi pale Ngumbo. Mumewe na ndugu yake wakashika makasia. Mwalimu Hamphrey akaingia nao mtumbwini kama mwenyekiti wa boti isiyokwenda, akapewa sufuria ya kukumbia maji.

Mtoto hakungoja hospitali. Alizaliwa katikati ya maji, mawimbi yakiingia, mama mkwe wa Emerensiana akimpokea kwa kanga. Walipofika, Emerensiana alikuwa amepoteza damu nyingi na hakuweza kusema. Alilazwa wiki mbili. Mtoto, wa kike, aliitwa Glorious.

Asteria aliposikia alipanda lori lililoshuka ziwani. Mtu wa milimani, anayeogopa hata maji ya beseni yakiwa mengi, alikaa siku nne kwa wanawake wa Ngumbo akisikiliza. Ilikuwa wiki ya giza. Mwezi ulikuwa haupo, na usipa, ambao huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, walikuwa wamejaa hadi chanja za kuanikia hazikutosha, wakaanikwa juu ya mawe na mabati ya nyumba. Alirudi Mbinga na gunia la usipa na moyo uliojaa.

Siku ya Jumatano, kabla ya mchana, aliingia dukani kwa Twaha kumwandikia Dorothy. Haikuwa barua ya chama. Ilikuwa barua ya mtu na rafiki yake.

Alimweleza kwamba usipa wamemwagika Ngumbo mpaka kuku wamewachoka. Alimweleza habari ya ugali wa muhogo aliokula na usipa wabichi waliotiwa nyanya na ndimu tu. Alimweleza jinsi Emerensiana alivyokuwa akishika ukingo wa mtumbwi hadi kucha zikang'oka, na jinsi mumewe alivyopiga kasia akilia bila kufuta machozi kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi. Na alimweleza kwamba Mwalimu Hamphrey, kwa heshima ya mwanamke, aligeuza uso kuelekea Malawi safari nzima, akikumba maji kwa mkono mmoja na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya mbuzi aliyefungiwa nje.

Akabonyeza. Twaha, aliyekuwa anapita na kikombe cha tangawizi, akasimama.

“Mama Jirani,” alisema, kwa kuwa nyumba zao zinapakana, “hiyo umeituma kwa wote.”

Asteria aliangalia. Mahali pa jina la Dorothy palikuwa na jina la orodha nzima ya chama. Akamwomba Twaha airudishe. Twaha akasema hairudi. Akamwomba azime jenereta. Twaha alijua kwamba haisaidii, lakini uso aliouona ulimfanya aende akazime, na watu wawili waliokuwa kwenye kompyuta nyingine wakabaki gizani wakiuliza kuna nini.

Asteria alikwenda nyumbani akamwambia mumewe, Placidi, kwamba anoe jembe la pili. Hakula. Sauti ya mbuzi ndiyo iliyomrudia usiku wote.

Asubuhi Twaha alituma mtu kumwita. Asteria alimkuta amesimama kando ya printa, na printa imeishiwa karatasi.

Meneja mmoja, ambaye hakuwahi kujibu hata barua ya posta, aliandika kwamba ameacha wali na kuku mezani na kwenda kusimama dirishani. Mwingine alieleza, kwa urefu wa kurasa, jinsi mama yake alivyokuwa akimweka alinde usipa wasiliwe na kunguru, na jinsi alivyowala yeye na kuwasingizia kunguru. Bwana Bwanali, mtoto wa mwenye duka wa ufukweni ambaye sasa yuko bandarini Dar, aliuliza gunia ni shilingi ngapi. Bwana Jastin alikuwa amerudi ofisini. Na karibu wote, chini ya habari za usipa, waliuliza mambo mawili: Emerensiana anaendeleaje, na injini ni kiasi gani.

Swali hilo la pili walikuwa wamejibiwa mara nne kwa barua rasmi.

Dorothy alipopiga simu alieleza kilichotokea. Barua ilifika dakika chache kabla ya chakula cha mchana. Bosi wake, mtu wa Ngumbo naye, huwa hafungui kompyuta, husoma anachochapiwa. Dorothy aliichapa bila kuisoma hadi mwisho, akamwekea mezani. Bosi aliisoma amesimama, mkono mmoja ukiwa kwenye koti. Badala ya kutoka kwenda kula aliwapigia simu wenzake wa mwambao, nao walikuwa wanaisoma muda uleule, nao walikuwa na njaa. Wakakutana hotelini, wakaagiza usipa, hakuna. Wakala walichokuwa hawakitaki wakizungumza juu ya mtumbwi, na kabla ya kunawa mikono mmoja wao alikuwa ameshageuza sahani tupu kuwa ya michango.

Asteria alisikiliza yote hayo akiwa amefurahi nusu. Nusu nyingine ilikuwa inamsubiri Mwalimu, ambaye mtoto wake wa kiume naye yumo kwenye orodha.

Mwalimu Hamphrey alifika Jumamosi kwa lori, na mwavuli wake, na suti ya kwenda nayo mjini.

“Shikamoo, Mwalimu,” alisema Asteria, akipiga goti.

“Marahaba.” Alikaa. Alikung'uta vumbi goti la kulia, kisha la kushoto. “Nimesikia umeandika kwamba naimba kama mbuzi.”

“Nisamehe, Mwalimu. Ilikuwa ya rafiki yangu.”

“Na kwamba niliangalia Malawi.”

“Nilivyoambiwa.”

“Siyo kweli. Malawi ilikuwa upande wa Emerensiana. Mimi niliangalia Tanzania muda wote. Hilo ulisahihishe.”

Kuhusu mbuzi hakusema zaidi. Alitaka asomewe majibu yote, naye Asteria akasoma, moja baada ya jingine, hadi alipofika kwa meneja aliyesimama dirishani. Hapo Mwalimu alivua miwani akaifuta muda mrefu. Alikuwa amemfundisha meneja huyo darasa la tatu. Alipoivaa tena aliuliza swali moja tu, ambalo Asteria anasema ndilo lililombakiza kazini.

“Usipa watatoka tena lini?”

Tangu siku hiyo chama kina kanuni, ingawa haijaandikwa popote. Barua haitumwi mwisho wa mwezi. Haitumwi Jumatatu, maana watu wana vikao, wala Ijumaa, maana roho zao zimeshatoka ofisini. Hutumwa katikati ya wiki, mchana ukikaribia, katika siku za giza ambapo Ngumbo usipa wapo kweli.

“Mtu akishiba ni wa Dar,” anasema Asteria. “Akisikia njaa ni wa Ngumbo.”

Ili kujua giza linaanza lini, alianza kutegemea kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwa Twaha, maana mwezi wa Kiislamu ukiwa ukingoni, mbalamwezi hakuna na wavuvi wako majini. Kila mara akawa anaingia dukani akiuliza kama mwezi umeandama. Habari zilifika parokiani. Katekista Nazari alimtembelea jioni moja, akazungumza sana juu ya mvua, na alipokuwa anaaga akauliza kwa upole kama ni kweli anafikiria kubadili dini.

Kanuni ina mashimo yake. Mwaka jana aliituma Ramadhani, mchana, akiwa na kalenda ya Waislamu mbele ya macho. Bwana Bwanali alimjibu kwamba dada yangu, thawabu za leo umezila wewe. Sasa Ramadhani wanachama Waislamu huandikiwa jioni, baada ya futari. Michango yao hupungua kidogo, lakini Twaha alimwambia hilo alivumilie.

Mara nyingine aliahidi usipa, ziwa likachafuka wiki nzima, hakuna mtumbwi uliotoka. Watu wa Dar walimwandikia kama waliodhulumiwa urithi. Yeye akasingizia mwezi.

Injini ilifika Agosti 2003 juu ya lori, imezungushiwa godoro kama mgonjwa. Mbuzi walifukuzwa, boti ikapinduliwa, ikazibwa, ikashushwa majini. Hadi sasa imebeba wagonjwa zaidi ya mia moja, na safari ya nusu siku imekuwa ya saa mbili. Wanawake wa Ngumbo, Emerensiana akiwamo, hupeleka magunia ya usipa wakavu Dar kila giza likiisha, na sehemu ya mauzo hununua mafuta, kwa hiyo chama hakiombi tena mara kwa mara kama zamani.

Asteria mwenyewe ameipanda boti hiyo mara moja. Anasema inakwenda vizuri, ingawa hakufumbua macho.

Sasa anachotaka ni boti ya pili, kwa ajili ya vijiji vya upande wa Lituhi, ambako bado watu wanapiga kasia. Krismasi ijayo wanachama kadhaa wameahidi kushuka Ngumbo na familia zao, wengine kwa mara ya kwanza tangu waondoke. Mwalimu Hamphrey ameshaandaa hotuba. Ina kurasa nne.

Asteria hakumkatalia. Ila mwezi uliopita alishuka na lori, akazunguka kwa Emerensiana na kwa akina mama waliokwishapelekwa na boti kujifungua, akapatana nao. Siku wageni watakapofika, kabla mtu hajakaa, kabla mizigo haijateremshwa, kila mmoja wao atapokezwa mtoto amshike.

“Barua unaweza kusema utaijibu kesho,” anasema, akifunga kitenge vizuri kwa baridi. “Lakini ukishapakatishwa mtoto, na mama yake amekwenda zake kuchota maji, hiyo kesho utamwambia nani?”